Kabla Mto Tana haujafurika: mambo ya kuzingatia

Nakaa Hola, kaunti ya Tana River, na haya ninayoandika nimeyalipia. Kama unaishi karibu na mto huu, iwe Madogo, Hola au Garsen, yasome sasa, msimu haujaanza.

Karatasi kwanza. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na karatasi za shamba vikae pamoja kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Simu iwe na chaji kila jioni. Unga, kiberiti na maji ya kunywa ya siku tatu viwe karibu na mlango. Ukiwa na mzee wa sukari au presha, dawa zake zisipungue za wiki mbili, kwani barabara ikikatika hakuna gari litakaloleta kitu.

Chagua mwinuko wa kukimbilia, kisha mwende huko kwa miguu na watoto wote, mjue ni mwendo wa muda gani.

Sasa hili lishike vizuri: usipime hatari kwa kuangalia mbingu ya kwenu. Tana inatoka Aberdare na Mlima Kenya, mbali sana na sisi, na inapita mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa yakaanza kumwagika, maji yanateremka kwetu hata kama Hola jua linachoma utosi.

Mwisho wa Aprili 2024 tuliambiwa kwamba Masinga imejaa, tuhame. Nilitoka nje nikatazama juu, hakuna wingu. Nikasema nitahama kesho. Nilikuwa na mbuzi sita. Hao sita ndio waliobaki baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana, kuanzia 2020 hadi mapema 2023. Niliwanunulia majani kwa pesa ya karo. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 nazo wakazipita. Jioni ile niliwafunga kamba zizini kama kawaida, fundo mbili kwa kila mmoja, kwa kuogopa wezi na fisi.

Usiku niliamshwa na ubaridi miguuni. Mkeka ulikuwa umelowa. Nilimbeba mdogo mgongoni, wakubwa nikawashika mikono, tukapanda kwenye mwinuko gizani, maji yakiwa magotini. Mbuzi nilikuwa nawasikia. Nilitaka kurudi, jirani akanizuia, na alifanya vyema. Walilia, halafu wakanyamaza. Mbuzi anajua kuogelea. Waliouawa na mafuriko pale ni mbuzi waliofungwa, na aliyewafunga ni mimi.

Kwa hiyo tangazo likitolewa, hamisha mifugo siku hiyo hiyo, mchana. Ukishindwa, fungua kamba zote na uache mlango wa zizi wazi. Bora umtafute mbuzi wako kwa jirani. Piga simu Garissa kwa ndugu yeyote umuulize mto umefika wapi, kwa sababu maji yanayopita kwao leo yanakuja kwako. Chomeka kijiti ukingoni jioni, ukikague kabla ya kulala.

Wazee wetu waliishi na mafuriko haya. Mto ulipanda, ukashuka, ukaacha udongo mzuri wa kupanda mpunga na ndizi. Lakini hesabu yao sasa inatupotosha. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja inabeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua ikishuka inamwagika kwa mkupuo. Usimsikilize anayekwambia maji hayajawahi kufika kwenye ule mwembe.

Yakishatulia bado usilegee. Vyoo vya shimo vinakuwa vimefurika na visima vimechafuka, basi chemsha maji yote au yatie dawa, kipindupindu hakingoji. Watoto wasicheze kwenye madimbwi, mamba hutoka nje ya mto na nyoka hutafuta pakavu, hata ndani ya nyumba. Lala ndani ya chandarua. Usivuke barabara iliyofunikwa na maji, hata kama mwenye bodaboda anaapa anaijua. Ukuta wa udongo ulioloweka usiuegemee, na usirudi kulala ndani hadi fundi augongegonge. Waya wa umeme ukiuona chini, kaa mbali nao na uwaite watoto waondoke hapo.