Namna ya kufuatilia ubaroni wa Kiingereza bila kupotea

Ukikutana na jina kama Lodi Delamere katika habari za walowezi wa Kenya, usikimbilie kuchora mti wa ukoo. Uliza kwanza: ubaroni huu, yaani cheo chake cha kurithiwa cha ulodi, ulianzishwa kwa hati gani? Hati ndiyo inayosema nani anarithi, na wengi wanaopotea hupotelea hapo.

Hati ni za aina mbili. Ya zamani ni hati ya wito. Mfalme alimwandikia bwana fulani aje bungeni, naye akaja akaketi. Karne kadhaa baadaye wanasheria wakaamua kwamba wito huo ulikuwa umezaa cheo cha kurithiwa. Mabaroni wengi wa namna hii huhesabiwa tangu 1295 au 1299, na cheo chao kinaweza kushuka kwa binti. Ya pili ni hati ya wazi yenye muhuri wa mfalme. Baroni wa kwanza kuundwa hivyo ni John Beauchamp wa Holt, mwaka 1387. Hati hii hutaja yenyewe mstari wa urithi, kwa kawaida wanaume wa uzao halali tu. Wakiisha, cheo kimekufa.

Kabla ya hapo baroni alikuwa mtu wa ardhi, aliyoishika moja kwa moja kutoka kwa mfalme kwa sharti la kutoa wapiganaji wa farasi. Magna Carta, mkataba wa mfalme na mabaroni wake wa 1215, iliweka ada anayolipa mrithi wa ubaroni mzima kuwa pauni 100. Lakini kununua shamba la baroni hakumfanyi mtu kuwa lodi: kesi ya Berkeley ya 1861 ilifunga mlango huo.

Sasa kazi yenyewe. Andika cheo pamoja na mwaka kilipoundwa, maana jina moja hutumika mara mbili. George Booth alifanywa Baroni Delamer mwaka 1661, na cheo hicho kikafa 1770. Delamere wa Kenya ni wa hati nyingine, ya 1821, waliyopewa akina Cholmondeley wa Cheshire (hutamkwa "Chamli", usiulize kwa nini). Ukiunganisha koo hizo mbili kwa sababu ya jina, mti wako wote ni takataka. Angalia pia kama unayemfuata si baroneti, mwenye cheo cha chini ya baroni. Hao walianzishwa na James wa Kwanza mwaka 1611, kwa malipo ya pauni 1,095. Huitwa Sir, na cheo chao hakiwapi kiti katika Nyumba ya Malodi.

Kwa karne za kati, tafuta uchunguzi wa baada ya kifo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London. Wazee wa baraza waliapa na kutaja marehemu alikufa lini, alishika ardhi gani, na mrithi ni nani, ana umri gani. Umri usiuamini sana: "miaka 30 na zaidi" mara nyingi maana yake ni mtu mzima tu. Tarehe nazo huhesabiwa kwa utawala. Mwaka wa 23 wa Edward wa Kwanza ulianza 20 Novemba 1294, kwa hiyo Desemba yake ni ya 1294 na Machi yake ni ya 1295. Na hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi: Februari 1642 ya karani ni Februari 1643 kwetu.

Penye mabinti ndipo pagumu. Mtoto wa kiume wa kwanza hubeba chote, lakini mabinti ni sawa kwa sawa, na cheo hakigawanyiki. Baroni wa wito akiacha mabinti watatu, kila mmoja ana theluthi ya dai la cheo na hakuna anayeitwa baroni, cheo kinaning'inia. Binti wa kwanza akiacha mwana, theluthi ni yake. Wa pili akiacha mabinti wawili, kila mmoja ana sehemu ya sita. Wa tatu akifa bila uzao, hesabu inapangwa upya: nusu kwa yule mwana, robo kwa kila mmoja wa wale wawili. Akibaki mmoja tu kati yao wote, cheo humwangukia chenyewe. Vinginevyo mfalme huchagua.

Ubaroni wa FitzWalter, wa 1295, ulining'inia tangu 1756 hadi 1924. Leo ungekwama: tangu 1927 msimamo ni kwamba ombi la kupewa cheo kinachoning'inia halifikiriwi ikiwa cheo kimening'inia zaidi ya miaka 100, au mwombaji ana chini ya theluthi. Kwa hiyo wale wenye robo hapo juu hawana ombi. Na hata mrithi asiye na mpinzani lazima athibitishe urithi wake ili aingizwe katika orodha rasmi iliyoanzishwa 2004. Asipoingizwa, nyaraka za serikali hazimtambui kwa cheo hicho.