Nanasi haliivi nyumbani: ninavyochagua matunda ya msimu

Kwa miaka nilinunua matunda kwa macho. Tufaha likimetameta chini ya taa za supamaketi, zabibu zikiwa zimepangwa vizuri kisandukuni, nabeba. Nikifika nyumbani, ni kama natafuna maji. Aliyenitoa ushamba ni mama mmoja muuza matunda. Nilimwuliza nanasi lake litaiva lini, akacheka: "Nanasi haliivi nyumbani, mwanangu. Likishakatwa ndiyo basi."

Tangu siku hiyo, kabla ya kununua tunda najiuliza kwanza liko kundi gani. Ndizi, embe, parachichi, papai, peasi na tufaha huendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa gesi ya ethilini ambayo tunda lenyewe huitoa. Nanasi, chungwa, chenza, zabibu, stroberi na tikiti maji huishia pale yalipochumwa. Yatalainika, pengine yatabadilika rangi, ila utamu hauongezeki hata uyavundike mwezi mzima.

Ndiyo maana ndizi ya mbali hainisumbui sana. Huchumwa mbichi, husafirishwa kwenye nyuzijoto 13 au 14 za Selsiasi, ikifika huivishwa chumbani kwa ethilini. Stroberi je? Iliyoiva haivumilii safari ndefu, kwa hiyo mara nyingi huchumwa mapema, na hapo ndipo utamu wake ulipokomea. Kama huwezi kubadilisha manunuzi yako yote kwa mkupuo, anza na kundi hili la pili: linunue karibu, na kwa msimu wake tu.

Msimu utaujuaje? Mimi nilibandika karatasi jikoni, nikawa naandika kila mwezi tunda lipi limejaa kila kona. Mwaka mmoja ulitosha. Tunda likiwa kwa kila muuzaji na bei inashuka, huo ndio msimu wenyewe. Wiki za mwanzo sina haraka. Embe linalowahi kutokea, njano tupu kuanzia juu hadi chini, gumu ndani na halina harufu, nalitilia shaka kwamba limeivishwa kwa kabaidi, kemikali ambayo huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. La karibu nalo lina hila zake.

Ukishika tunda, sahau ngozi kwanza. Linuse penye kikonyo. Embe au nanasi lisilonukia hapo nalirudisha. Lipime mkononi: kati ya machungwa mawili yanayolingana ukubwa, chukua lililo zito, ndilo lenye maji. Tikiti ligeuze utazame pale lilipolalia udongo. Pakiwa pamegeuka njano, lilikaa shambani hadi likakomaa, na pakiwa peupe lilikatwa mapema. Na chungwa la kijani usilidharau! Rangi ya chungwa huletwa na usiku wenye baridi, kwa hiyo kwenye joto tunda huiva likiwa bado kijani. Mengi ya yale yanayong'aa dukani yaliondolewa ukijani kwa ethilini.

Tufaha lina siri yake. Kwenye maghala yenye baridi na oksijeni kidogo hukaa miezi mingi, mengine karibu mwaka, kwa hiyo neno "freshi" kwenye kibao halikuambii lilichumwa lini. Namba 4 za kwenye stika hutaja aina ya tunda. Zikiwa 5 na ya kwanza ni 9, limelimwa kwa kilimo hai. Asili yake haimo kwenye namba, tafuta jina la nchi.

Nikubali jambo moja linalowaudhi wenzangu wa "cha karibu tu". Tunda lililokuzwa jirani nje ya msimu, ndani ya banda linalopashwa moto, laweza kula nishati kuliko lililokuja kwa meli. Lililopanda ndege ndilo silitaki kabisa. Kwangu msimu unatangulia, umbali unafuata.

Msimu ukifurika, nanunua embe kwa ndoo. Mabichi hayaingii kwenye friji, baridi huyaharibu. Yakiiva nayakata vipande, navitandaza kwenye trei bila kugusana hadi vigande, ndipo navitia kwenye mfuko. Ukivirundika kabla havijaganda, utaishia na jiwe moja la embe na kisu kilichopinda, kama changu.