Bustani ya mtaa kando ya ziwa: namna ya kuipatia fedha na kuiendesha isife mwaka wa pili

Jumamosi iliyopita nilishinda na dada mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, aliyenijia na faili kwapani. Mtaani kwao kuna eneo la wazi ambalo watoto huchezea chandimu, na wakazi wanataka liwe bustani yenye miti, bembea, viti na choo. Swali lake la kwanza lilikuwa bembea moja inatengenezwa kwa shilingi ngapi. Nikamwomba tuliweke pembeni kwanza, tuulizane mlinzi atalipwa na nani mwezi wa kumi na nne baada ya bustani kufunguliwa.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya bustani ya mtaa wetu, huku upande wa Kirumba, Manispaa ya Ilemela. Bustani nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa fedha za kujengea. Hizo hupatikana: mheshimiwa atachangia saruji, kampuni italeta viti vyenye nembo yake. Zinakufa baadaye, mlinzi akikosa posho miezi miwili akaacha kuja. Mnyororo wa bembea unakatika, taka zinaanza kutupwa pembeni usiku, na mwaka haujaisha utakuta lori limeegeshwa pale. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye karatasi na fedha, unapita haraka kwenye ujenzi.

Hatua ya 1: Kamati

Watu saba wanatosha. Awemo mama anayefanya biashara jirani na eneo, kijana wa kijiwe cha bodaboda na mtu anayejua kuandika barua. Mwenyekiti wa mtaa awe mlezi, asiwe mwenyekiti wa kamati, kwa sababu uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano na bustani haitakiwi kuondoka naye. Sajilini kikundi kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kisha fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Mchango usipokelewe kwenye simu ya mtu binafsi hata siku moja, awe mwaminifu namna gani.

Hatua ya 2: Eneo lenu linaitwaje kwenye mchoro

Hapa ndipo sisi tulipoteza mwaka mzima, kwa hiyo soma taratibu.

Pale kwetu kila mtu alipaita uwanjani. Tulipoitisha mkutano wa wakazi, katibu aliandika kwenye muhtasari: "Wakazi wameridhia uwanja wa mpira ugeuzwe kuwa bustani." Sentensi ilitupendeza, tukagonga mhuri, tukapeleka. Kumbe kwenye mchoro wa mipangomiji lile eneo halikuwa uwanja wa michezo hata kidogo. Lilikuwa eneo la wazi. Aliyepokea barua yetu akaona neno "ugeuzwe" na faili likaingia kwenye njia ya maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, ambayo ina matangazo yake, vikao vyake na kusubiri kwake. Hatukuwa tunabadilisha chochote. Miti na viti kwenye eneo la wazi ni matumizi yaleyale. Tulipokuja kuelewa, tukaitisha mkutano mwingine na kuandika muhtasari mwingine, bajeti ya halmashauri ilikuwa imeshapita.

Basi fanya hivi. Kabla ya mkutano wowote, nenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri yako, uombe kuonyeshwa mchoro wa kitalu chenu. Usitegemee nakala iliyobandikwa ukutani kwa mtendaji, maana mchoro unaweza kuwa umefanyiwa marekebisho na ile ya ukutani ikabaki ya zamani. Andika namba ya mchoro, namba ya ramani ya upimaji, namba ya kiwanja na kitalu, na maneno yaliyoandikwa juu ya eneo lenyewe, herufi kwa herufi. Maneno hayo ndiyo yatakayotumika kwenye kila barua kuanzia siku hiyo. Mkiwa mnapaita Uwanjani, Kwa Mzungu au Mwembeni, andikeni jina hilo mara moja tu, ndani ya mabano.

Ukitoka hapo, nenda uwandani na mtu wa upimaji mtafute bikoni, yale mawe ya mpaka. Sisi tuliipata moja ndani ya uzio wa mzee jirani yetu, chini ya mgomba. Mzee hakuwa mvamizi, alionyeshwa mpaka vibaya na aliyemuuzia. Tulimfuata jioni, wanakamati wawili, tukakaa naye barazani, tukamwonyesha karatasi. Akaomba avune mgomba wake kwanza, na baada ya hapo uzio ukasogea. Ukianza na barua ya kumwondoa mtu wa namna hiyo, utaishia baraza la ardhi, na bustani itasubiri.

Kwa sisi wa kandokando ya ziwa kuna jambo jingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Choo cha tofali, kibanda cha saruji na ukuta haviwezi kukaa humo. Nyasi, miti na viti vinavyohamishika vina nafasi yake, lakini pelekeni mpango wenu kwa afisa mazingira wa halmashauri auone kabla hamjachimba hata shimo moja. Na mita 60 hizo msizipime kutoka maji yalipo mwezi wa nane. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho wazee walikiona mara ya mwisho mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Waulizeni wavuvi na akina mama wa dagaa maji yalifika wapi, wekeni alama mahali hapo, mpime kutokea alama hiyo. Ushauri wangu ni kuongeza mita kumi juu ya zile 60, kwa sababu kuhamisha choo ni gharama kuliko kukijenga.

Sasa muhtasari. Sisi uliokubaliwa uliandikwa hivi, nanyi badilisheni namba tu: "Wakazi wa mtaa, katika mkutano wao wa tarehe fulani, wameridhia kuwa eneo la wazi, kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kama lilivyo kwenye mchoro namba fulani, litunzwe na kuboreshwa na kikundi fulani kwa kushirikiana na halmashauri, pasipo kubadilisha matumizi yake." Maneno manne ya mwisho msiyaache.

Karatasi ya mahudhurio iwe na majina kamili, saini na tarehe ya mkutano juu ya kila ukurasa. Kurasa zipewe namba zinazoendelea kutoka kwenye muhtasari, na mhuri wa mtendaji uwe kwenye kila ukurasa. Niliwahi kurudishiwa faili kwa sababu ukurasa wa tatu wa mahudhurio haukuwa na tarehe. Tengeneza nakala tatu: moja kwa mtendaji wa mtaa, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa kamati. Watendaji huhamishwa, na yule mpya hatajua habari zenu asipokuta faili kabatini.

Kama eneo lenu halijapimwa, kama ilivyo huku milimani tunakoishi katikati ya mawe, msianze na bustani. Ombeni kwanza liingizwe kwenye mchoro wa urasimishaji, ule wa kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, likiwa eneo la wazi.

Hatua ya 3: Kalenda ya serikali

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya mtaa hukusanywa miezi mingi kabla yake, vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Mkutano wenu uwe umeshafanyika ifikapo Septemba. Ombeni kitu kimoja tu kwa mwaka. Orodha ya vitu tisa hukatwa yote, choo peke yake hupita. Mfuko wa Jimbo nao, ule ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, huangalia miradi iliyoibuliwa na wananchi, na hapo muhtasari ule ule utawafaa.

Hatua ya 4: Fedha za kila mwezi

Marekani ipo miji ambayo bustani zina mamlaka yake yenyewe, inayotoza sehemu ya kodi ya majengo kwa ajili ya viwanja na michezo. Chicago wana yao tangu 1934. Huku kwetu kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na kwenye makato hayo hakuna senti inayokuja mtaani kwa jina la bembea. Lazima bustani ijilipie yenyewe.

Choo cha kulipia ndicho uti wa mgongo. Chukua mfano: watu 60 kwa siku kwa shilingi 200 ni 12,000, kwa mwezi 360,000. Toa posho ya mlinzi (angalieni kima cha chini kilichotangazwa, msimpunje), maji ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza), sabuni na ndoo. Kinachobaki ni kidogo, ila kinakuja kila siku, nami napenda shilingi 12,000 ya kila siku kuliko milioni ya mfadhili inayokuja mara moja. Choo kikae upande wa stendi au soko, wapitao wakione. Sisi cha kwanza tulitaka kukificha nyuma ya mti kwa heshima, mama mmoja wa kamati akakataa, na alikuwa sahihi.

Chanzo cha pili ni sherehe na picha. Maharusi wa Mwanza wanapenda kupigwa picha wakiwa na ziwa na mawe nyuma yao. Wapiga picha walipe kidogo, wenye shughuli walipe zaidi na waweke amana ya usafi, warudishiwe kesho yake asubuhi mlinzi akisharidhika. Chanzo cha tatu ni vibanda viwili au vitatu vya kuhamishika, vya kahawa, matunda na samaki wa kukaanga. Kama wanaovikodi ni kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, waelekezeni kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri isiyo na riba. Mkopo huo ni wa biashara yao, hauwezi kununua bembea, lakini mpangaji mwenye mtaji analipa pango kwa wakati.

Sharti moja: eneo ni la umma, kwa hiyo ada yoyote ina mwenyewe kisheria. Kabla hamjapokea shilingi ya kwanza, muwe na makubaliano ya maandishi na mkurugenzi wa halmashauri, yaliyopita kwa mwanasheria wake, yanayosema ada ni kiasi gani, kiasi gani kinakwenda halmashauri kwa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, na kiasi gani kinabaki kwa matunzo. Msipokuwa nayo, siku mtu akiwachukia atawaita wezi, na hamtakuwa na cha kumwonyesha.

Kuna wasiotakiwa kutozwa. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa pale kabla yetu tulikaa nao mapema. Sasa wanatandaza nyavu upande wa mawe, nyasi wameziacha, na jioni wanafagia mpaka magamba madogo yaliyoingia kwenye nyufa, maana yakibaki korongo wanashuka na watoto wanawaogopa. Wao ndio walinzi wetu wa mchana. Kuwafukuza ili pawe pasafi ingekuwa dhuluma.

Mapato na matumizi tunayabandika kila tarehe 5 kwenye ubao wa mtendaji, kwa mkono, kalamu ya wino. Mtu anaposimama kusoma, namsubiri aniulize.

Hatua ya 5: Miti kwanza, vyuma baadaye

Pandeni mvua za vuli zinapoanza, mti uwe umeshika kabla ya kiangazi cha Juni. Mwembe na mkuyu kwa kivuli, mwarobaini pembezoni. Mashimo yachimbwe wiki mbili kabla.

Matairi ya magari yaliyopakwa rangi siyapendi hata kidogo. Yanashika maji, yanazaa mbu, na waya wa ndani ukitoka unachana mguu wa mtoto. Bembea itengenezwe na fundi wa kuchomelea wa hapo mtaani, kwa bomba nzito na mnyororo mnene, kwa sababu ikiharibika mtamwita na atakuja kwa miguu. Chini yake wekeni mchanga wa sentimita 30, msimwage zege.

Hatua ya 6: Uzinduzi

Uwe mfupi.

Hatua ya 7: Kila asubuhi

Mlinzi wetu wa asubuhi lazima ajue kuogelea. Tulimjaribu ziwani kabla ya kumpa kazi. Kibao cha ufukweni kinakataza kuoga na kinaeleza sababu: kichocho, kinachotoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia kwenye majani. Kimeandikwa kwa herufi kubwa, na mlinzi anawasomea watoto wasiojua kusoma.

Saa kumi na mbili anafungua choo, anahesabu ndoo, anaandika kwenye daftari. Kisha anapita kwenye bembea moja moja, anashika mnyororo kwa mkono, pete kwa pete, kuanzia juu. Pete iliyolika inahisiwa na kidole kabla jicho halijaiona. Akiikuta, anafunga kamba nyekundu, anakipandisha kiti juu ya bomba watoto wasikifikie, anampigia fundi, na bembea hiyo inabaki juu hadi fundi afike.