Kabla hujalipa kiingilio cha bustani ya wanyama

Mimi huwapeleka wajukuu, lakini tiketi sinunui mpaka niwe nimechungulia. Mtazame simba au fisi kwa dakika kumi. Akienda na kurudi njia ileile mpaka ameacha kijia kando ya waya, huyo amechoka roho, geuzeni. (Mwaka mmoja nililipa kwanza, nikamkuta tumbili akijinyofoa manyoya. Nilijuta.)

Kisha muulize mtunzaji: huyu alitoka wapi? Yatima aliyeokolewa si sawa na aliyenaswa porini ili aonyeshwe. Kisiwa cha Ngamba, Uganda, tangu 1998 kinatunza sokwemtu waliookolewa, na mchana hushinda msituni.

Tazama kivuli, maji, pa kujificha. Ukiruhusiwa kumpakata mtoto wa chui upigwe picha, ondoka. Watoto watalia, wanunulie aiskrimu.