Kuzuia sauti ya chumba cha sinema nyumbani kwa fedha ya kawaida

Shemeji yangu alibandika trei za mayai ukuta mzima, akawasha sabufa, na mama mkwe wa chumba cha pili akagonga ukuta vilevile. Trei hazina uzito, na kinachozuia sauti ni uzito pamoja na kuziba upenyo. Sponji la godoro ndiyo nisilione kabisa: halizuii kitu, na likishika moto moshi wake unaua. Tulibandua vyote.

1. Mlango. Wa flashi ni mtupu ndani, weka wa mbao ngumu. Zungushia fremu mpira, hata chini. Zima taa, mtu amulike tochi nje. Ukiona mwanga, sauti nayo inapita.

2. Dirisha. Kata ubao mzito wa MDF (ule wa unga wa mbao uliogandamizwa) uenee kwenye fremu, kingo zake zivae mpira. Asubuhi unautoa.

3. Dari. Hapa tulipoteza Jumamosi mbili. Tulikuwa tunahangaika na ukuta, kumbe nyumba zetu nyingi ukuta wa kati huishia kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), juu ni uwazi mmoja mpaka kwenye bati. Sauti inapanda kwenye jipsamu nyembamba na kushukia kwa jirani. Niligundua nilipopanda darini nikaona taa ya chumba cha mama mkwe inamulika kupitia tundu lake. Tulipiga fremu ya mbao juu ya lenta hadi kwenye bati, tukaivisha bodi ya jipsamu pande zote mbili, na nafasi za migongo ya bati tukaziba. Kisha bodi ya pili, ya milimita 12, chini ya dari ya zamani, viungo visikutane. Lakini bodi moja ya futi 4 kwa 8 inazidi kilo 20! Ongeza mbao za kushikilia kwanza. Sisi hatukuongeza, dari ikabonyea, tukashusha yote. Tumia skrubu, misumari huchomoka. Kingo ziba kwa silikoni, kwa sababu pati hupasuka. Taa za kutoboa dari, sahau. Na ingia darini alfajiri, saa sita bati linakaanga mtu.

4. Soketi zilizopeana mgongo ukutani. Sauti hupita kwenye matundu yake, mwite fundi umeme azihamishe.

5. Sabufa. Itoe konani, iweke juu ya mpira mzito. Besi haiishi: kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hupunguza desibeli (kipimo cha sauti) kama 6 tu, na sikio huona sauti imepungua nusu ikishuka desibeli 10. Usiku ishushe.

6. Zulia na pazia mwishoni, kwa ajili ya mwangwi wa ndani tu. Chumba kilichozibwa hivi hakina hewa, kwa hiyo katikati ya filamu fungueni mlango.