Kuchagua hedifoni za safari za matatu zisizoumiza masikio

Kazi yangu ni kutengeneza simu na vifaa vya sauti hapa Malindi. Wengi wanaoniletea hedifoni wakidai mbovu, hedifoni zao ni nzima. Zinalia, zinakaa na chaji, ila mwenyewe hawezi kuzivaa: akifika Gede, mji ulio njiani kuelekea Kilifi, ameshazivua, masikio yamewaka moto na utosi unamuuma. Hivi karibuni nilimsaidia mwalimu mmoja anayepanda matatu kila siku kwenda kufundisha Kilifi, kilomita kama 60 kwenda na nyingine 60 kurudi. Anavaa hijabu na miwani, na alikuwa amekwisha kukata tamaa. Hatua tulizopitia naye ndizo hizi, na ile ya tano ndiyo iliyotuchukua muda mwingi kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Mgongo uwe umezibwa

Geuza kikombe, yaani ile sehemu inayokaa sikioni, utazame upande wa nje. Ukiona wavu au matundu yanayopitisha hewa mpaka ndani, hizo ni za kusikilizia nyumbani palipo kimya. Kwenye matatu zitaingiza kila kelele, na jirani yako atausikia wimbo wako mwanzo hadi mwisho. Unazozitaka ni zile zilizofungwa kabisa nyuma. Kitundu kimoja au viwili vidogo sana si tatizo, hapo hukaa maikrofoni.

Hatua ya 2: Zifunike sikio zima

Zile zinazolalia juu ya sikio ni nyepesi na bei yake ni nafuu, ndiyo maana zimejaa madukani. Kwa safari inayozidi nusu saa mimi simshauri mtu azichukue. Zinalikandamiza sikio kwenye fuvu, na ukiwa na miwani, mkono wa miwani unabanwa hapo katikati.

Pima sikio lako kwa rula, kuanzia juu hadi mwisho wa ndewe. Watu wazima wengi hupata sentimita 6 na kitu. Tundu la ndani ya mto, ile sponji iliyozunguka kikombe, liwe refu kuliko kipimo hicho. Kisha tazama kina chake: ukishavaa, ncha ya sikio isiguse kile kitambaa kinachofunika spika. Ikigusa kidogo tu dukani, baada ya Gede itakuwa kidonda.

Hatua ya 3: Bluetooth, lakini yenye tundu la waya

Waya kwenye matatu hunaswa. Makanga akinyoosha mkono kuchukua nauli ya aliye kiti cha nyuma, anaondoka nao. Chukua za Bluetooth, ila hakikisha zina tundu la milimita 3.5 au njia nyingine ya kutumia waya, ili chaji ikikatika njiani usibaki na kofia ya plastiki kichwani.

Kuna wanaosifu hedifoni za studio kwa sababu sauti yake ni safi, na sifa hiyo ni kweli. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, zimefungwa mgongo. Lakini zinatoka kwa matoleo ya omu 32, 80 na 250; omu ni kipimo cha upinzani wa umeme, na namba ikiwa kubwa zinahitaji nguvu zaidi. Hilo la 250 simu ya kawaida hailiwezi, sauti itakuwa ndogo hata ukifungulia yote. Tena hazikunjiki. Ziache studio.

Hatua ya 4: Uzito

Sony WH-CH720N zina gramu 192. Sony WH-1000XM4 zina 254. Audio-Technica ATH-M50x zina 285 bila waya, na AirPods Max za Apple zinakaribia 385. Kwa mtu wa kila siku, mimi nakaa chini ya gramu 260, na naangalia kama utepe wa juu ni mpana na una sponji. Utepe mwembamba huuma utosini hata kama hedifoni yenyewe ni nyepesi.

Hatua ya 5: Zijaribu ukiwa umevaa kama unavyovaa safarini

Hapa usiharakishe, hata muuzaji akuangalie vipi.

Mto ukikaa sawasawa kuzunguka sikio, hewa ya ndani hufungiwa. Besi, ile sauti nzito ya chini, inaitegemea hewa hiyo. Pakipatikana upenyo, hata mwembamba, besi ndiyo ya kwanza kutoroka, unabaki na sauti ya juu inayochoma. Na kupitia upenyo huohuo mngurumo wa injini unaingia. Utafanya nini? Utaongeza sauti. Kwa hiyo starehe ya kichwa na uzuri wa muziki ni jambo moja hapa, na duka halikuonyeshi, kwa sababu dukani pana kimya na umesimama.

Jaribio lenyewe liko hivi. Cheza wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi. Vaa hedifoni, tulia kidogo, halafu weka viganja juu ya vikombe uvisukume kwa ndani polepole. Kama besi haibadiliki, umeziba. Ikivimba ghafla, kuna mahali panavuja. Mwalimu wangu alipofanya hivyo alifumbua macho. “Ami, kumbe besi ilikuwemo!” Ilikuwemo tangu siku aliyozinunua. Tukaanza kutafuta panapovuja, kitu kimoja kimoja.

Tulianza na miwani. Mikono minene ya plastiki huunyanyua mto mbele na nyuma ya sikio. Mikono myembamba ya chuma haisumbui sana, hasa mto ukiwa mnene na laini. Ukivaa hedifoni kwanza kisha ukapachika miwani juu ya mito, inakaa kombo. Vaa miwani kwanza, halafu shusha vikombe kutoka juu, kisha inyanyue miwani kidogo sana ili mikono ijipangie mahali.

Hijabu ilituchelewesha zaidi. Ukivaa hedifoni juu ya hijabu, tatizo ni mikunjo. Kitambaa kimoja kilicholala sawa juu ya sikio hupunguza sauti kidogo tu, lakini mkunjo mmoja unaopita chini ya mto ni mlango. Kitambaa cha kuvutika cha pamba hulala vizuri kuliko shifon, ambayo huteleza na kujikunja upya kila gari linaporuka tuta. Sogeza pini isikae chini ya utepe, maana utepe utaisukuma kichwani safari nzima. Ukipenda kuvaa hedifoni chini ya hijabu, juu ya kikofia cha ndani, utaziba vizuri zaidi, lakini kuna mambo mawili. La kwanza, hedifoni zenye kuguswa kwa kidole hudhani kitambaa ni kidole: wimbo unasimama, unaruka, simu inapigwa. La pili, kitambaa kikisugua maikrofoni za nje utasikia mchakacho usiokwisha. Zuia mguso kwenye programu ya kampuni, au chagua zenye vitufe. Mimi napenda vitufe hata kwa asiyevaa hijabu, kwa sababu mkono wenye jasho hauelewani na mguso.

Zile zinazotambua zimevaliwa ili wimbo uendelee, kama WH-1000XM4, nazo huchanganywa na kitambaa. Hiyo pia izime kwenye programu. Na hapo hapo unapata faida nyingine: zile bandia zilizochapwa jina kubwa mara nyingi hazitambuliwi na programu ya kampuni yenyewe. Ziunganishe kabla hujatoa pesa.

Wanaume wa kofia wana nafuu. Kofia ya mkono, ile ngumu iliyotariziwa, inaishia juu ya masikio kwa hiyo vikombe vinapata ngozi tupu. Ila inaongeza urefu wa kichwa. Vuta utepe mpaka ukae vizuri juu ya kofia, kisha angalia kama bado umebaki na nafasi ya kuvuta. Kama umefika mwisho, hizo ni fupi kwako, na vikombe vitaning'inia juu ya masikio badala ya kuyazunguka. Herini kubwa, nywele zilizosukwa zikapita mbele ya sikio, vyote vivue au visogeze kisha urudie jaribio la viganja.

Sasa mbano. Zikibana kidogo mno, zitateleza barabara ikiharibika. Zikibana sana, taya litakuuma. Inamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu miguuni. Zikianguka, ni legevu. Halafu tafuna kitu, au jifanye unatafuna. Ukihisi vikombe vinasukumwa kila taya linapocheza, mbano ni mkali au mito ni migumu. Hedifoni mpya zenye utepe wa chuma hulegea ukizivika usiku kucha kwenye boksi lenye upana uliozidi kichwa chako kidogo tu. Za utepe wa plastiki usizifanyie hivyo. Nimezitengeneza nyingi zilizopasuka kwenye bawaba kwa njia hiyo, na bawaba ikipasuka gundi haidumu.

Mwisho wa hatua hii ni joto, na kwetu ndilo linaloamua. Wakati wa kaskazi, matatu imesimama stejini inasubiri kujaa, chini ya mto huwa pachungu. Muombe muuzaji ukae nazo nusu saa, ukisimama mlangoni penye joto, si mbele ya feni. Wengi watakubali ukiwaomba kwa uungwana na dukani hapana msongamano. Akikataa, azima za rafiki za aina ileile uende nazo safari moja. Kitu cha kutazama si kama utatoka jasho, kwa sababu utatoka. Tazama ni wapi panaanza kukuuma: utosini, nyuma ya sikio, au kwenye taya. Maumivu yanayoonekana ndani ya nusu saa hayazoeleki.

Hatua ya 6: Kufuta kelele, na upepo wa dirishani

Teknolojia ya kufuta kelele hufanya kazi hivi: maikrofoni inasikia mngurumo, kifaa kinatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yanafutana. Inaweza zaidi sauti nzito zisizobadilika, yaani injini na matairi. Maneno ya watu, honi na kelele za makanga haiziwezi sana, hizo huzuiwa na mto ulioziba. Ukikosa kuziba katika hatua ya tano, hata hedifoni ya bei ghali itakuangusha.

Madirisha ya matatu zetu huwa wazi, na upepo ukipiga maikrofoni za nje unasikika ndani kama dhoruba. Kaa kiti cha upande wa ndani. Ukilazimika kukaa dirishani, washa hali ya kupunguza upepo kama ipo, au zima kufuta kelele kabisa na utegemee mto. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, nunua mito mizuri na mbano sahihi kabla ya kufuta kelele.

Hatua ya 7: Mito iwe ya kubadilishika

Ngozi bandia ya mito huvunjwa na unyevu na joto. Huanza kuchanika vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Kabla ya kununua, uliza kama mito inatoka na kama mingine inapatikana. Ya ATH-M50x na WH-1000XM4 inatoka kwa mkono, na sokoni kuna mingi ya kuchagua. Iliyogundishwa, ikichakaa, hedifoni nzima imekwisha.

Mito ya mahameli ina baridi zaidi, ila inavujisha besi na kuingiza kelele. Kwa nyumbani ni tamu. Kwa matatu mimi nabaki na ngozi bandia, na naipangusa kila jioni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji ya kawaida, kisha naiacha ipate hewa kivulini. Usiitie spiriti wala mafuta ya nazi. Wanaovuka kwa boti kati ya Mokowe na Lamu wana sababu zaidi ya kufanya hivyo, kwa sababu chumvi ya bahari haikauki ikaisha, inabaki pale ikivuta unyevu. Hedifoni nyingi za aina hii hazina kinga ya maji, kwa hiyo botini ziwe begini. Tupia humo vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Hatua ya 8: Sauti

Shirika la Afya Duniani linakadiria desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki kuwa salama kwa mtu mzima. Ukifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki, na msafiri wa Malindi na Kilifi anazimaliza kabla ya Jumatano. Simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Kiweke ukiwa nyumbani penye kimya, usikiweke ndani ya gari.

Ukishuka stejini, vua kabla hujavuka barabara. Kwenye bodaboda usivae kabisa: helmeti haitakuingia vizuri juu yake, na dereva akikuambia ushike sawa lazima umsikie.