Mlinzi wa Kisima: mdoli wa bunilizi ya sayansi na diorama yake, kwa vifaa vya Dodoma

Anayeishi Dodoma ana sayari nyingine mlangoni kwake. Udongo mwekundu, miamba ya graniti iliyochomoza peke yake uwandani, mibuyu inayokaa bila majani karibu kiangazi chote, upepo wa vumbi wa Agosti. Wajenzi wa diorama, yaani mandhari ndogo za kuigiza, walio mbali huzitafuta rangi hizi kwenye picha. Sisi tunazikanyaga kila siku. Kwa hiyo mimi huumia nikiona kijana mwenye mkono mzuri wa kazi akinakili askari wa angani wa Kimarekani na kumsimamisha juu ya sakafu ya chuma isiyo ya mahali popote. Mwongozo huu ni wa kutengeneza mhusika mmoja na kipande cha ardhi yake, na vyote viwili tutavitoa hapa hapa.

Mhusika wetu namwita Mlinzi wa Kisima. Ni fundi mwanamke, miaka mia kadhaa mbele, anayelinda pampu ya kisima kirefu katika makazi yaliyo kwenye sayari kame. Nimechagua kisima kwa sababu mji wa Dodoma wenyewe unategemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na mvua yetu ya mwaka huwa kama milimita 550 hadi 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukiwa na hali hiyo kichwani, mavazi yanajipanga yenyewe: kitambaa cha kuzuia vumbi, tangi dogo mgongoni, kipimo cha maji mkononi, magoti yaliyochakaa kwa kupiga magoti penye bomba.

Hatua ya 1: Skeli

Chagua skeli, yaani uwiano wa mdoli na kitu halisi, kabla ya kununua chochote. Mdoli wa askari wa G.I. Joe, ambao kampuni ya Hasbro ya Marekani iliutoa mwaka 1964, ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 30, yaani skeli ya 1:6. Midoli midogo ya karibu sentimita 9.5 iko kwenye 1:18. Mimi nakushauri uanze na 1:12, ambapo mtu wa sentimita 170 anakuwa na sentimita 14 hivi. Mkono wake unatosha kushikwa na kibano, na nyumba yake bado inaenea mezani. Hesabu ni rahisi: pima kitu halisi, gawa kwa 12. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 16.7. Andika vipimo hivyo kwenye daftari na usikisie hata kimoja, maana jicho la mtazamaji hugundua kosa la skeli kabla hajajua ni nini kinachomsumbua.

Hatua ya 2: Mwili

Kwenye mitumba ya Sabasaba mara nyingi utakuta midoli imechanganywa na nguo au imemwagwa kwenye mkeka. Sura isikusumbue, tutaifunika. Kagua viungo: shingo, bega, kiwiko, nyonga, goti. Kiungo kilicholegea kinatengenezeka. Kilichovunjika kikabakiza kisiki ndani kitakupotezea wiki. Angalia pia viganja. Mlinzi wetu lazima aweze kushika kitu, kwa hiyo chukua mdoli ambao vidole vyake vimejikunja.

Uoshe kwa sabuni ya unga na mswaki, uuache ukauke. Mafuta ya mikono ya mtoto aliyeuchezea ndiyo yatakayobandua rangi yako baadaye.

Kubadilisha mikono au kichwa kunataka maji ya moto. Plastiki laini ya PVC hulegea kwenye joto, na si lazima maji yawe yanachemka. Dodoma iko juu kiasi, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hata hayo ni moto kuliko tunavyohitaji. Epua sufuria, acha dakika mbili, zamisha kiungo dakika moja, kisha kivute kwa kitambaa kikavu kwa kukinyoosha. Usikizungushe. Ukishaweka kingine, kitumbukize kwenye maji baridi ili kigande. Mguu uliopinda nao hunyooshwa hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Chakavu, na jaribio la beseni

Fanya urafiki na fundi simu. Kila jioni kuna vipaza sauti vidogo, fremu za kamera, vitufe, skrubu na vipande vya saketi anavyotupa. Rimoti iliyokufa inakupa vitufe. Kalamu zinakupa springi na mirija. Bomba jipya la sindano kutoka duka la dawa ni tangi zuri lenye vipimo vilivyochapwa tayari. Usiguse bomba lililotumika, na betri ya simu, hasa iliyovimba, mwachie fundi. Ukiitoboa inaweza kulipuka moto.

Sasa jambo linalowakatisha tamaa wengi: plastiki nyingine hazishiki supaglu. Vifuniko vya ndoo na makopo mengi ya majarini ni polipropilini au polithini, na gundi itabanduka juu yake kama ganda la karanga. Namna ya kuzitambua ni beseni la maji lenye tone la sabuni. Tumbukiza kipande na ukizamishe kwa kidole. Kikipanda juu, weka pembeni. Kikizama, kuna uwezekano mkubwa ni polistirini, ABS au PVC, na hizo hushika vizuri. Chini ya chombo kuna namba ndani ya pembetatu pia: 2 na 5 achana nazo, 6 ni rafiki yako. Kadi ya zamani ya benki kwa kawaida ni PVC, na hukatwa kwa wembe ikawa bamba la bega au la kifuani.

Hatua ya 4: Gundi kwenye hewa kavu

Supaglu hukauka kwa kukutana na unyevu ulioko hewani. Dar es Salaam hewa ina unyevu mwingi, inashika upesi na wakati mwingine huacha ukungu mweupe pembeni mwa kiungio. Kwetu, kuanzia Juni, hewa ni kavu mno na gundi inaweza kuchelewa. Upande mmoja upanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana, upande wa pili weka tone dogo, bana. Tone likiwa kubwa halikauki katikati.

Penye pengo, jaza bikaboneti, ile soda nyeupe ya kupikia, kisha dondoshea supaglu. Inaganda papo hapo na kuwa ngumu ya kupigwa msasa. Inatoa joto na mvuke unaochoma macho, kwa hiyo fanyia dirishani. Maumbo makubwa, mfano kofia ya usalama ya Mlinzi, yafinyange kwa epoksi ya kukanda inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Chovya kidole majini unapoilainisha, iache usiku kucha, kisha msasa namba 400 na baadaye 600.

Kitambaa cha shingoni usikikate kwenye kitenge. Maua ya kitenge kwenye 1:12 yanakuwa na ukubwa wa sinia, na kitambaa chenyewe ni kinene, hakilali. Leso nyembamba ya mfukoni iliyozeeka inafaa zaidi. Iloweke kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ipange mikunjo kwa kibano ukifikiria upepo unatoka upande gani, na iache ikauke hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Rangi

Rangi za kupuliza za makopo zina tabia ya kubaki zinanata miezi mingi juu ya PVC laini. Tumia akriliki za steshenari, tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nene. Hewa yetu huikausha akriliki ukiwa bado hujaisambaza na kuacha michirizi ya brashi. Dawa yake ni glisirini ya kupaka ngozi: tone moja kwenye rangi ya kujaza kifuniko cha soda, isizidi, la sivyo rangi haitakauka. Paka asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza.

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, maana mhusika hupata umri wake kwenye uchakavu. Kabla hujachovya brashi, nenda kijiwe cha bodaboda ukaangalie. Pikipiki ya miaka mitano haijachakaa kila mahali. Rangi imeisha pale magoti yanapobana tangi, kwenye kiegemeo cha mguu, kwenye mshikio. Kutu imeanzia kwenye skrubu na chini ya madigadi, mahali maji yanapotuama. Vumbi limeganda kwenye grisi ya mnyororo na kuwa jeusi, lakini juu ya kiti halipo kwa sababu abiria amelifuta. Sasa mtazame Mlinzi wako uulize: anaegemea wapi? Anabeba tangi kwa bega gani? Maji yanachuruzika wapi?

Ukishajua, chukua kipande kidogo cha sponji, chovya rangi ya kahawia iliyokolea, ikaushe kwenye karatasi mpaka ibaki kidogo tu, kisha gusagusa kingo zile tu ulizozitaja. Halafu tengeneza maji ya rangi: nyeusi na kahawia zilizolainishwa hadi ziwe nyepesi mfano wa chai ya rangi. Pitisha kwenye mifereji na viungo, futa palipoinuka. Mwisho vumbi. Chukua rangi ya krimu, ongeza nyekundu ya udongo kidogo, brashi iwe karibu kavu, pitisha kutoka kwenye viatu kupanda juu, ikififia kufikia kiuno. Mtu wa hapa huchafuka kuanzia chini.

Hatua ya 6: Ardhi na miamba

Msingi wa sentimita 30 kwa 40 unatosha. Tumia ubao mwembamba, na juu yake lile povu jeupe linalofungia televisheni mpya. Likate kwa kisu kikali. Waya wa moto hukata vizuri, lakini moshi wake ni sumu. Kumbuka pia kwamba supaglu na rangi ya kupuliza huliyeyusha povu hili, kwa hiyo huku ni gundi ya mbao tu.

Wengi huokota kipande cha graniti halisi na kukiweka. Hakifai. Chembe za graniti zenye milimita 4, ukizidisha kwa 12, zinakuwa karibu sentimita 5 kila moja, na mwamba unaonekana kokoto. Chonga povu badala yake. Ukiutazama Mlima Simba pale mjini utaona kanuni: mawe ni ya mviringo, yamepangana, nyufa ni chache na ndefu, na chini kuna mabonge yaliyoanguka. Yapake jipsamu, yaani unga wa jasi. Kanda ya kati ina jasi yake yenyewe inayochimbwa Itigi, mkoani Singida. Mimina unga ndani ya maji, si maji ndani ya unga, na paka haraka kabla haijashika. Mabaki usiyamwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba. Rangi ya mwamba anza na kijivu chenye waridi kidogo, kisha shusha michirizi myeusi mahali ambapo maji ya mvua yangepita.

Udongo uchukue nje. Ukaange kwenye kikaango cha zamani kuua wadudu na mbegu, uchekeche kwa chujio la chai, kisha kwa soksi ya nailoni. Kilichopita kwenye soksi ndicho udongo wako. Kilichobaki ni mawe. Paka gundi, nyunyiza, kung'uta.

Mbuyu wa mita 12 kwenye skeli hii ni mita moja nzima. Weka shina lake tu, likiwa limekatwa na ukingo wa msingi. Zungusha binding waya, vika karatasi iliyolowa gundi, kwaruza ikiwa mbichi.

Hatua ya 7: Tembe la pampu

Jengo la Mlinzi nimelitoa kwenye tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo. Paa lake la udongo lililo karibu bapa limetokana na nchi yenye mvua chache, na kuta zake nene huzuia joto la mchana. Sayari kame ingetaka hayo hayo. Kuta ziwe sentimita 18, za kadibodi maradufu. Vijiti vya mishikaki vimenyooka mno kwa boriti, tumia vijiti vya kweli vyenye vifundo, vitokeze nje ya ukuta. Kandika kwa udongo ulioukaanga, jipsamu kidogo na gundi kidogo zaidi. Gundi ikiwa chache, nyufa ndogo zitajitokeza zenyewe zikikauka. Ndipo uongeze ya sayari: mlango wenye pistoni za springi za kalamu, antena ya waya juu ya paa, bomba linaloingia ardhini likiwa na alama ya unyevu kuzunguka shina lake. Hiyo alama usiisahau. Ni sehemu pekee ya diorama yenye udongo uliokolea, na inaeleza kwa nini mtu huyu yuko hapa.

Taa moja nyeupe ya LED juu ya kipimo cha pampu inawaka kwa betri ya kidonge ya CR2032 yenye volti 3. Mguu mrefu wa taa uguse upande chanya wa betri. Ifiche betri chini ya paa linalofunguka.

Hatua ya 8: Picha na utunzaji

Shusha simu hadi kamera iwe usawa wa macho ya Mlinzi, si ya kwako. Toka nje saa moja asubuhi jua likiwa chini, geuza msingi ili kivuli cha tembe kiangukie kwenye miguu yake, na nyuma acha uwanda wenyewe uonekane ukiwa umefifia. Rangi ya udongo wa mbele na wa nyuma itaungana, kwa kuwa ni udongo uleule.

Ndani, diorama isikae dirishani. Jua hufifisha rangi, na PVC ikipata joto kila mchana miguu huinama taratibu mpaka mdoli unaanguka. Chomeka pini kutoka kisiginoni hadi kwenye povu. Vumbi lifute kwa brashi laini ya vipodozi kuanzia juu kushuka chini, na karibu na viatu vya Mlinzi pita kwa uangalifu usije ukalifuta na lile ulilolipaka.